Sawa, Mwalimu

Njia nzima kuelekea shuleni Domo Zege alikuwa akiongea vizuri sana. Aliongea na ukuta wa kiwanda cha magodoro, akaongea na geti la kituo cha mafuta, na alipofika kwenye nguzo ya umeme ya mwisho alisimama kabisa, akaiambia, "Habari za kazi, mwalimu mkuu. Mimi ndiye baba wa yule mtoto. Nimekuja kuwasikiliza, na mimi pia nina la kusema." Nguzo haikumkatisha. Kama wito ungekuwa wa kuonana na nguzo, siku hiyo angerudi nyumbani shujaa.

Jina la Domo Zege alipewa sokoni, na hakuwahi kulipinga, kwa sababu kulipinga kungemlazimu kulifungua domo lenyewe. Alikuwa muuza vyombo vya plastiki: mabeseni, ndoo, majagi, vikombe, vichujio vya chai. Wenzake walinadi kwa koo zao mpaka mishipa ikawatoka. Yeye alining'iniza kipaza sauti kwenye mwamvuli, na humo ndani mkewe alikuwa amerekodi maneno yaliyojirudia kutwa: "Mabeseni, ndoo, majagi, njooni kwa mama wa bei nafuu!" Wateja walimfuata huyo mama wa bei nafuu, wakakuta jitu lenye mabega mapana linatazama viatu vyake.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na viti viwili vya wageni, kimoja kibovu. Alikaa kwenye kibovu, asije akamkosesha mtu kizuri. Mbele yake alikaa mwalimu mkuu, mzee mnene mwenye miwani iliyosukumwa hadi juu ya kipara, na pembeni alisimama mwalimu wa darasa, mwanamke mwembamba mwenye vumbi la chaki kwenye sweta. Salamu yote aliyoiandaa ilibaki kwenye nguzo.

"Mzazi, mtoto wako haongei," alianza mwalimu wa darasa.

"Sawa."

"Sisemi anaongea kidogo. Haongei kabisa. Nikiita majina, mwenzake wa dawati ndiye anayemwitikia. Akitaka kwenda chooni, mwenzake ndiye anayemwombea. Kusoma kwa sauti ndiyo usiseme, sijawahi kumsikia hata herufi moja."

"Sawa."

"Kuandika anaandika vizuri. Lakini nitajuaje kama hanakili kwa mwenzake?"

Hapo alitaka kusema. Alitaka kusema kwamba mtoto huyo nyumbani anaitwa Chiriku, jina la yule ndege asiyejua kunyamaza, kwa sababu mdomo wake haupumziki tangu kunakucha hadi usingizi umkatishe katikati ya sentensi. Kwamba anasoma kila kitu kwa sauti: maandishi ya kwenye sabuni, gazeti lililofungia vitunguu, onyo la kwenye dawa ya mende. Alifungua mdomo. Mwalimu mkuu alisubiri kwa adabu. Feni ikazunguka, ikazunguka tena. Alifunga mdomo.

"Basi sisi tumeonelea," alisema mwalimu mkuu, "kuanzia Jumatatu tumrudishe darasa la kwanza, aanze upya na wadogo, pengine atafunguka. Nitasaini siku hiyo asubuhi. Kama una pingamizi, mzazi, sema."

Pingamizi alikuwa nalo. Lilikuwa limemjaa kuanzia tumboni hadi kooni, na kooni ndipo lilipokwama.

"Sawa, mwalimu," alisema. Halafu, bila mtu yeyote kumwomba, akaongeza, "Asante."

Aliporudi aliipita ile nguzo ya umeme bila kuitazama.

*

Mkewe alirudi jioni kutoka kiwanda cha nguo, alikokuwa akipiga pasi kola za mashati kutwa nzima akiwa amesimama, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Beseni lenyewe lilikuwa na ufa uliozibwa kwa kuyeyusha plastiki. Yale mazima yalikuwa ya kuuza.

"Haya, niambie. Umeitiwa nini?"

"Wanasema haongei."

"Hilo si geni. Wanataka nini?"

"Wanataka kumrudisha la kwanza. Jumatatu."

"La kwanza! Na wewe ulisemaje?"

Domo Zege alilitazama lile beseni kama mtu anayekagua bidhaa.

"Baba Chiriku. Nakuuliza. Ulisemaje?"

"Nilisema sawa."

Maji yaliruka mpaka kwenye pazia. "Sawa? Mtoto yuko la tatu, wanamrudisha akakae na watoto wanaong'oka meno, wewe unasema sawa?"

"Na asante," alisema, maana alikuwa mtu mkweli.

Mkewe alimwangalia, kisha akaanza kucheka kile kicheko cha mtu ambaye akikiacha atalia. Hakuwa na haki ya kushangaa sana. Neno hilohilo ndilo lililompatia mume. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya rundo la ndoo, zamani hizo, akamuuliza kijana wa watu kama ana nia ya kumuoa au ataendelea tu kumpa mifuniko ya bure, na kijana akajibu sawa. Lakini ile ilikuwa sawa yenye faida.

"Nenda wewe," mumewe alimsihi. "Wewe maneno unayo."

"Mwaka jana nilienda. Mwalimu akaniambia, kwa kinywa hiki changu mtoto atapata wapi nafasi ya kuchomeka neno. Na Jumatatu tuna mzigo wa kupakia, nikikosa, kuna wenzangu wamejaa getini wanaililia meza yangu. Wewe ndiye uliyesema sawa, mume wangu. Wewe ndiye utakayerudi ukaseme si sawa."

Upande wa pili wa pazia, ambako kwa muda wote huo sauti ndogo ilikuwa ikimfundisha mto wa kulalia hesabu za kugawanya, kukawa kimya. Pazia likasogea. Chiriku alitoka akiwa amevaa fulana ya baba yake iliyomfika miguuni.

"Baba, nikirudi la kwanza, nani ataniitikia jina?"

"Si yule mwenzako wa dawati?"

"Yule yuko la tatu. Hawezi kuniitikia kutoka la tatu, ni mbali, kuna ukuta na kuna choo. Mwalimu atasema sipo. Nitakuwa nipo lakini sipo."

Domo Zege aliumia. Alimvuta mtoto akampakata, mkubwa wote ule. Hapakuwa na mtu duniani aliyemwelewa mtoto huyu kama yeye, na hapakuwa na asiyefaa kumsaidia kama yeye. Angefundishwa ujasiri na nani? Na baba anayeshuka kituo cha mbele kwa kuona haya kumwambia kondakta ashushwe?

"Kwani ukifika shuleni maneno yanakwenda wapi?" alimuuliza.

"Hayaendi. Yapo hapa." Akagusa koo. "Yanasubiri watu waondoke."

"Hata yangu," alisema baba yake.

*

Kesho yake akaja mjomba. Mjomba alikuwa dalali wa magari, mtu aliyeweza kumuuzia kipofu gari kwa kumsifia rangi yake. Akiingia nyumbani kwa dada yake, hata vikombe vilijipanga. Alisimuliwa yaliyotokea, akampiga shemeji yake kofi la mgongoni.

"Shemeji, nakupenda, lakini mmemdekeza. Uoga wa watu ni kama uoga wa maji. Dawa yake ni kumtupa mtu majini, ataogelea mwenyewe. Kesho Jumamosi, mlete sokoni. Mimi nitakuja. Nitampandisha juu, anadi mabeseni mbele za watu. Jumatatu akienda shule, mwalimu ataomba anyamaze."

Chiriku, ambaye kabla mlango haujafunguliwa alikuwa akiimba, alikuwa amejibandika nyuma ya kabati kama ramani. Mjomba akamwita amsalimie, akamwonyesha biskuti. Biskuti ilikaa hewani mpaka mkono ukamchoka, akaila mwenyewe.

"Unaonaje, shemeji? Kesho?"

Domo Zege hakuona vizuri hata kidogo. "Sawa," alisema.

Mkewe alimkata jicho, lakini maneno yake yote mazuri kaka yake alikuwa ameshayatumia.

Basi Jumamosi asubuhi, soko likiwa limejaa, mjomba aligeuza ndoo kubwa juu chini, akamsimamisha Chiriku juu yake. Kipaza sauti kilikuwa kimeteremshwa na kuwekwa chini ya meza kibadilishwe betri, kwa hiyo sauti ya mama wa bei nafuu haikuwepo kuziba pengo. Mjomba alipiga makofi. "Jamani, jamani! Njooni mumsikie muuzaji mdogo kuliko wote! Sema, mjomba: karibuni mabeseni!"

Watu walisimama. Wanaouza nyanya waliacha nyanya. Chiriku alikuwa ameganda, macho yametoka, midomo imebanwa mpaka imepauka.

"Sema tu karibuni. Neno moja. Nitakununulia soda kubwa."

"Maskini, ni bubu?" aliuliza mama mmoja mwenye kikapu.

"Kamrithi baba," alijibu muuza nyanya, na watu wakaangua kicheko. Hawakuwa watu wabaya. Kilikuwa kicheko cha Jumamosi tu. Lakini Domo Zege aliona maji yakishuka taratibu kwenye mguu wa mtoto wake, yakaingia kwenye soksi nyeupe, na akaona kwamba Chiriku anajua kuwa ameona.

Hakusema kitu, hilo lisitarajiwe. Alipita katikati ya watu, akamnyanyua mtoto kutoka kwenye ndoo, akamwingiza chini ya meza na kushusha kitambaa cha meza hadi chini. Kisha akasimama mbele ya kitambaa hicho na mabega yake yote, uso ukimwaka kwa haya.

"Shemeji, unamharibu!" alifoka mjomba. "Mtoe! Alikuwa karibu kabisa!"

"Sawa," alisema Domo Zege.

Lakini hakusogea. Mjomba alisubiri, akatazama saa, akasubiri tena. Ilikuwa mara ya kwanza neno lile kutoka mdomoni mwa mtu huyu likiwa na maana ya hapana, na lilichukua muda kueleweka. Mwishoni mjomba alisonya, akasema kuna mteja wa gari anamngoja, akaondoka zake.

Domo Zege alipitisha taulo chini ya meza, na soksi zake mwenyewe alizozivua hapohapo. Halafu akakaa kwenye ndoo ileile na kujionea huruma. Bila kipaza sauti hakuna aliyekuwa akija, na waliokuja walimlipa pungufu, kama kawaida yao, wakijua fika kwamba hatadai. Alikuwa anajiuliza ni kazi gani duniani haihitaji watu ndipo sauti ilipolipuka kutoka chini ya meza, kubwa, yenye mikwaruzo, ikitikisa majagi.

"MABESENI! NDOO! MAJAGI! Njooni mchague wenyewe! Muuzaji haongei lakini haumi!"

Watu waligeuka. Domo Zege naye aligeuka, kana kwamba muuzaji anayesemwa ni mwingine. Kule gizani mtoto alikuwa ameona betri mpya, akazitia, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akamfuta mama yake na kuweka maneno yake.

"Kikombe kikivuja mrudishieni! Na msimpunje baba chenji, anaona haya kuwadai! MABESENI! NDOO!"

Soko lilicheka, lakini safari hii kicheko kilikwenda kwingine. Yule mama mwenye kikapu, aliyekuwa ameshafika kwenye nyanya, alirudi, akaweka sarafu mezani bila kumtazama Domo Zege usoni. "Nilikosea kuhesabu," alisema. Kisha akainama. "Nani huyo anayeongea humo?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili za mjomba angefunua kitambaa. Domo Zege alifikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri.

"Redio," alisema.

Chini ya meza kikatoka kicheko cha redio.

Ikawa hivyo mchana kutwa. Kila baada ya muda Chiriku alijifuta na kujirekodi upya, kila mara kwa madoido zaidi. Alasiri mkono mdogo ulianza kutoka chini ya kitambaa ukimpa mteja kikombe cha rangi aliyoitaka. Jioni alikuja msichana mdogo aliyetumwa jagi, akachuchumaa, akakiuliza kitambaa, "Lipo la bluu?" Domo Zege aligeuka upande mwingine na kujitia kufuta ndoo ambayo ilikuwa safi. "Lipo," kitambaa kilinong'ona. "Lakini la kijani ndiyo zuri."

Aliendelea kuifuta ile ndoo mpaka ilipokaribia kutoboka. Aliogopa akigeuka mtoto atamwona anavyolia.

*

Jumapili nzima familia ilikuwa shuleni bila kutoka sebuleni. Chiriku alikuwa mwalimu mkuu, akiwa amesukuma miwani ya jua ya mama yake juu ya kichwa. Baba yake alikaa kwenye kigoda kama mzazi aliyeitwa. Sentensi waliyomtungia ilikuwa fupi, kwa kuwa mke alimjua mumewe: "Siku ile nilisema sawa, lakini si sawa. Mtoto wangu anajua kusoma. Naomba abaki darasani kwake."

"Rudia," alisema mwalimu mkuu wa sebuleni. "Usitazame viatu. Nitazame mimi, hapa katikati ya nyusi."

"Siku ile nilisema sawa, lakini..."

"Lakini nini, mzazi? Mimi sina siku nzima."

Mama yake alicheka mpaka akashika mbavu. Domo Zege alishindwa mara nyingi kiasi kwamba mtoto aliishika sentensi yote kichwani, pamoja na kukohoa kwa baba yake katikati. Jioni walifuta maneno ya kwenye kipaza sauti na kumrekodi Chiriku akisoma kitabu cha shule, hadithi ya kuku aliyetaga yai kwenye kofia ya polisi. Alisoma bila kukwama, hata sauti ya polisi aliiweka. Huo ndio uliokuwa ushahidi. Mpango ulikuwa safi: baba aseme sentensi yake moja, abonyeze kitufe, mashine imalizie. Hata Domo Zege alilala akiamini.

Jambo moja tu hakuna aliyelifikiria. Kitufe cha kupunguza sauti kilivunjika siku nyingi, na sokoni hakuna aliyewahi kukihitaji.

*

Jumatatu asubuhi alikaa kwenye kiti kilekile kibovu, kipaza sauti kimefungwa kwenye sweta mapajani, Chiriku amejificha nyuma yake ameshikilia pindo la shati. Mwalimu mkuu alikuwa na kalamu mkononi. Mwalimu wa darasa alisimama palepale, na chaki ileile.

"Karibu, mzazi. Nilidhani tulishaelewana."

Domo Zege aliona sentensi yake ikimjia, akaona ikimpita. Ili asibaki mikono mitupu, alibonyeza kitufe.

"KUKU WA BIBI ALITAFUTA MAHALI PA KUTAGA!"

Mwalimu mkuu aliangusha kalamu. Miwani ilimshuka yenyewe kutoka kiparani hadi puani. "AKAONA KOFIA YA POLISI!" Domo Zege alibonyeza, akabonyeza tena, akakifunika kwa sweta, akakikalia. Kuku aliendelea kutaga chini yake. Madarasa yote yalinyamaza, kisha yakalipuka, na vichwa vikaanza kujaa dirishani. Kuku alisomwa mpaka mwisho, na polisi akavaa kofia yenye yai, na ndipo mashine ikakata.

"Hii ni nini?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Ni... yeye," alisema Domo Zege. "Anasoma."

"Mzazi, hiyo inaweza kuwa sauti ya mtoto yeyote wa mtaani kwenu. Mimi nitajuaje? Unataka kusema nini hasa? Kama lipo, liseme, niendelee na kazi."

Sasa ndiyo ilikuwa yenyewe. Domo Zege alisimama. Jasho lilimtoka kwenye kope. Alimtazama mwalimu mkuu katikati ya nyusi kama alivyofundishwa.

"Siku ile," alisema.

Walisubiri.

"Siku ile, mwalimu..."

Maneno yalikuwa yameondoka na kufunga mlango. Alisikia watoto dirishani wakisukumana. Alisikia feni. Alijiona alivyo, pande la mtu, amekuja kumtetea mtoto na ameleta kuku. Aliona kwamba kwa mara ya pili atasema sawa, na safari hii mtoto atamsikia akisema.

Kitu kikamvuta shati.

"Nilisema sawa," lilinong'ona pindo la shati.

"Nilisema sawa," alirudia, kama mtu aliyerushiwa kamba.

"Lakini si sawa."

"Lakini si sawa."

Mwalimu wa darasa aliinua kichwa. Alitazama shati la Domo Zege, pale lilipovutwa, na mkono wake wenye chaki ukapanda taratibu ukamziba mdomo.

Domo Zege aliuona mkono ule, akaelewa kwamba mwalimu ameisikia sauti ya mtoto. Na papo hapo, kana kwamba yanamdhihaki, maneno yote yakarudi. Sentensi nzima ilijipanga mdomoni mwake, imenyooka, inangoja tu kutolewa. Tangu azaliwe hajawahi kuwa tayari kusema mbele za watu kama alivyokuwa tayari dakika ile. Akaimeza.

Kukwama ndiyo kazi aliyoijua. Hakuna aliyemshinda kwa kukwama, na kwa mara ya kwanza ujuzi wake ulikuwa na soko. Akatoa macho. Akafungua mdomo, akaufunga. Akakuna kichwa.

"Mtoto wangu anajua kusoma," shati lilinong'ona.

"Eh?" alisema Domo Zege.

"Mtoto wangu anajua kusoma!"

"Mtoto wangu... anajua..." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Anajua nini, sijui."

"Kusoma, baba!"

Domo Zege alitazama dari, akajitia kutafuta neno kule juu kwenye utando wa buibui. Alikaa hivyo mpaka hata yeye alianza kujichukia.

Chiriku akatoka nyuma ya shati. Hakutoka kwa ujasiri, alitoka kwa hasira, kama mtu aliyefundisha siku nzima na mwanafunzi wake anamwaibisha mbele ya mkaguzi.

"Naomba abaki darasani kwake!" alisema kwa sauti kamili. "Baba! Si tulifanya mazoezi?"

Hapo ndipo alipoisikia sauti yake mwenyewe. Alitazama dirishani, akaona wenzake, akaruka nyuma ya shati kama ndege anavyorudi kiotani. Mwalimu mkuu alifungua mdomo kwa furaha, ameshanyanyua mikono apige makofi, lakini mwalimu wa darasa alimshika mkono.

"Tusimtazame, mwalimu mkuu," alisema taratibu. "Tutazame huku." Naye akageuka akatazama ratiba ya ukutani kwa makini sana, macho yakimlengalenga. "Mzazi, umeeleweka. Abaki kwangu. Na hicho kipaza sauti, akirekodi kitabu kingine nyumbani, niletee. Ila tutafute namna ya kukipunguza."

Mwalimu mkuu aliiokota kalamu sakafuni, akaitia mfukoni bila kusaini kitu.

"Sawa, mwalimu," alisema Domo Zege.

Baadaye, majina yalipoitwa darasani, yule mwenzake Chiriku wa dawati alimwitikia kama kawaida. Domo Zege alisimama getini akasikiliza mpaka alipohakikisha.

*

Jioni mkewe aliingia bila hata kuvua viatu.

"Ulisemaje?"

"Nilisahau maneno," alisema Domo Zege.

"Yote?"

"Yote." Na uongo huo aliusema akimtazama mkewe katikati ya nyusi, bila kukohoa.

Mkewe alikaa chini kwa kishindo. Alikuwa ameshajaza pumzi ya kulaumu pale sauti ilipoanza upande wa pili wa pazia, ambako Chiriku alikuwa akiusimulia mto wa kulalia mambo yote, kuku, polisi, jasho na dari. Mke na mume walinyamaza wakasikiliza. Ilikuwa hadithi ndefu, na baba hakutoka humo vizuri.

"Maskini, alikwama kabisa," Chiriku aliuambia mto. "Nyumbani anaongea vizuri, lakini akiona watu tu, basi. Itabidi niwe naenda naye." Akashusha sauti, kama watu wazima wanavyofanya. "Ila tusimlazimishe. Tusimcheke. Atazoea tu."